MANENO MAGUMU YANA MIZIZI

Twapenda leo kusema machache juu ya jambo ambalo wazazi wa Chunyu, kule Ruangwa, na wenzao wa Nachingwea wanalijua vyema, maana waliona nyumbani mwao kila mwaka. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akafaulu, akashonewa sare mpya, aingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka kuwa la Kiingereza. Jana alijua hesabu. Leo haelewi hata swali lenyewe lauliza nini. Mwalimu aandika ubaoni maneno ishirini, mtoto ayanakili, ayakariri usiku kucha, na mtihani ukipita yamekwisha kumtoka kichwani. Mzazi naye hudhani mwanawe amekuwa mjinga. Sisi twakataa kabisa. Kilichoharibika ni njia ya kufundisha, wala si akili ya mtoto.

Shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Mabishano juu ya lugha ipi ifundishie yamedumu zaidi ya miaka hamsini, na leo hatutayaingia. Mtoto aliyeketi darasani asubuhi hii hawezi kungoja wakubwa wayamalize.

Natuanze na kilichomo chini ya miguu yetu. Ardhi ya Ruangwa ina kinywe, yale madini meusi yachafuayo vidole. Kwa Kiingereza ni "graphite". Jina hilo alilitunga Mjerumani mmoja, Abraham Gottlob Werner, mwaka 1789, akilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika, kwa kuwa madini hayo ndiyo yaandikayo ndani ya penseli. Wazee wetu waliiita penseli kalamu ya risasi, na kosa hilo si letu peke yetu: Waingereza nao mpaka leo wauita ule ujiti mweusi "lead", yaani risasi, ingawa risasi haimo hata chembe.

Basi mtoto akishajua kwamba "graph" ni kuandika, mlango umefunguka. "Geo" ni ardhi, na "geography" ni kuandika habari za ardhi. "Bio" ni uhai, na "biography" ni maandiko ya maisha ya mtu. "Photo" ni nuru, na "photograph" ni picha iliyoandikwa na nuru. Ongeza "logy", yaani elimu ya jambo fulani, upate "geology" na "biology". Hata lile neno refu litishalo, "photosynthesis", ni nuru na kuunganisha tu. Wataalamu wetu walipotunga neno "usanisinuru" hawakufanya jingine: walichukua usanisi wakaufunga na nuru.

Na nani atakayesema kwamba jambo hili ni geni kwetu? Kila tawi lina katibu; katibu ana kitabu; wote wafuata katiba; na wapendao kusoma huenda maktaba. Maneno hayo manne yatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na maana yake ni ile ile, kuandika. Au chukua "lima" letu wenyewe: mkulima, kilimo, limia, limisha, limika. Hakuna mtoto wa Chunyu aliyefundishwa shuleni kwamba ardhi isiyolimika ni ile isiyoweza kulimwa. Alilijua hilo tangu angali mgongoni mwa mama yake. Kile kifanywacho na "-ika" na "-eka" kwetu, Kiingereza hukifanya kwa "-able": kusomeka ni "readable", kubebeka ni "portable". Mswahili huingia darasa la Kiingereza akiwa fundi wa kufungua maneno tayari, kisha aketishwa chini kama asiyejua kitu, na kuambiwa akariri.

Wafanyakazi nao lawahusu. Nachingwea iliona trekta zikiletwa katika ule mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Mpango ukafa, neno likabaki. "Tract" ni Kilatini, kuvuta. Trekta ni kivutaji. "Extract" ni kuvuta nje, kama madini yatolewavyo ardhini. "Subtract" ni ile kutoa ya hesabu. Na "contract", karatasi ambayo mtu hupewa aitie saini, ni kuvutana pamoja pande mbili. Mfanyakazi ajuaye hayo hatasoma mkataba wote kwa siku moja, lakini atajua kwamba karatasi ile yamfunga yeye na inamfunga tajiri vile vile.

Lakini tusidanganyane. Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi kubwa za Kiingereza ni ya asili ya Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Maneno mafupi ya kila siku, "bread", "house", "cow", ni ya wenyeji wenyewe, na hayo hayafunguki kwa ufunguo huu. Ni kuyasikia na kuyasema mpaka yazoeleke. Tena mizizi mingine hufanana bila ya kuwa ndugu. Wazee wa Nachingwea waikumbuka FRELIMO, ambayo wapiganaji wake walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo huko. Ile "L" ya katikati ni neno la Kireno la ukombozi, nalo ni ndugu wa "liberation" na "liberty" za Kiingereza, kwani baba yao ni Kilatini. Mwanafunzi mwepesi atadhani "library" nayo ni jamaa yao. Sivyo. Hiyo yatoka katika neno jingine la Kilatini, la kitabu. Ni kama kwetu: kaa la moto, kaa wa pwani na kukaa kitako havina udugu wowote.

Kwa hiyo lazima iwepo kamusi ionyeshayo asili ya maneno, na mwalimu ajuaye kuitumia. Nachingwea kuna chuo cha ualimu. Twaomba walimu watokao huko wafunzwe njia hii kabla ya kupewa chaki, na wakuu wa sekondari za Ruangwa na Nachingwea waanze hata kesho: mzizi mmoja kila Jumatatu, uandikwe juu ya ubao na usifutwe mpaka Ijumaa. Mzizi wa kwanza uwe ule wa kinywe.