Mtoto akikuitia chai ya matope, kaa chini

SHULE zikifungwa, wazazi wengi vijana huanza kupiga hesabu. Nauli ya kwenda mjini, ada ya kuruka kwenye yale majumba ya kupuliza upepo, chipsi na soda kwa kila mtoto. Hesabu ikikataa, watoto wanapewa simu yenye bando, naye mzazi anabaki kujilaumu kwamba wanawe wamekosa raha wanayopata wenzao.

Hebu tuulizane sisi tuliokua kabla ya simu hizi. Unakumbuka nini? Wengi watakutajia bano, brikicho, kati, blada na kalongolongo. Watakutajia gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndara kuukuu, na mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba. (Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliua mpira ule, lakini matambara hayajapigwa marufuku.)

Kalongolongo ndiyo iliyokuwa na mambo. Mmoja ni baba, mwingine mama, na yule mdogo kabisa, apende asipende, anakuwa mtoto mchanga au mbwa wa kulinda boma. Kopo la Kimbo ni sufuria, matope ni ugali, na sukuma wiki inachumwa kwenye ua la landilodi. Hakuna anayewafundisha. Mtoto huigiza anachokiona nyumbani, na hapo ndipo mtu mzima anafaa kutega sikio.

Majuzi niliwatazama watoto wa ploti yetu wakicheza. "Baba" alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye jiwe, akatoa kipande cha boksi mfukoni na kuanza kukisugua kwa kidole gumba. "Mtoto" alipomwita, "mama" akamkemea: "Wacha kusumbua baba, yuko kwa simu." Kisha wakaendelea kupika kana kwamba hakuna jambo. Nilicheka, halafu nikarudisha yangu mfukoni.

Sisemi simu ni shetani; kwa wengi wetu ndiyo ofisi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Saa hiyo tunamhesabia mtoto, zetu hazihesabiwi na mtu. Na wala mtoto hahitaji siku yako nzima. Nusu saa jioni inamtosha: jifiche nyuma ya pazia huku miguu ikionekana, nunua sukuma wiki yake kwa noti za majani, kisha umwombe akupunguzie bei. Atakapokuwa mkubwa, hicho ndicho kisa atakachosimulia, wala si bei ya tiketi.

Lakini lawama zote si za mzazi. Ploti nyingi za mijini zimemwagiwa saruji na ua limekuwa la kuegesha magari. Watoto wakianza kukimbia, keateka anawafukuza, eti watavunja vioo. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua haki ya mtoto kucheza, na Umoja wa Mataifa ulitenga Juni 11 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Yote hayo hayamsaidii mtoto wa ploti iwapo hakuna mpangaji anayethubutu kumwambia landilodi aache kona moja wazi, au magari yasogezwe kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Sisi vijana ndio tunaojaza nyumba hizo na kulipa kodi. Tukienda kumwona kumi kwa pamoja, atasikiza.

Kwa sasa Jumamosi iko karibu. Mtoto akikuita unywe chai ya matope, usimjibu "baadaye" ukiwa umeinamia simu. Kaa chini, shika kifuniko chako kwa mikono miwili, pulizapuliza kwa sababu ni moto, na uulize kama kuna mandazi.