Kwadi, spana na mwongozo ambao haupo

Leo siandiki kuhusu programu. Nina oili hadi kwenye viwiko na hasira ya wiki tatu, na afadhali niimwage hapa kuliko nimmwagie mtu nyumbani.

Iko hivi. Kwa mama yangu kule Kinangop kuna kwadi. Kwa wasioijua, hiyo ni pikipiki ya magurudumu manne, tairi nene, usukani kama wa pikipiki ya kawaida. Wengi wetu tumeziona Diani zikiendeshwa na watalii mchangani. Yetu haijui utalii. Kazi yake ni kubeba mitungi ya maziwa kutoka zizini hadi barabarani kila alfajiri, kwa sababu mvua ikinyesha udongo wa kule hushika gari likabaki hapo, na boda boda huteleza ikalala chini pamoja na mitungi yake. Na lori la maziwa halingoji mtu. Likishapita, unarudi na mitungi yako nyumbani na kuanza kuwagawia majirani, ambao nao wana ng'ombe wao.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Asubuhi inawaka vizuri. Ikienda kilomita mbili tatu ikapata moto, inazima. Piga stata, injini inazunguka lakini haiwaki. Iache nusu saa ipoe, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kila mtu anayeandika programu anaijua hitilafu ya namna hii, ile inayokataa kutokea ukiwa na shahidi.

Nikajiambia, mimi nimeshatafuta makosa katika msimbo wa mistari maelfu, injini ya silinda moja itanishinda vipi? Nitafungua mwongozo nifuate hatua. Jamani, mwongozo! Tulipewa kijitabu chembamba chenye picha za mtu aliyevaa helmeti na maonyo ya kutobeba abiria. Ukurasa wa matengenezo unasema, kwa karibu kila kitu, mpelekee muuzaji aliyeidhinishwa. Muuzaji wetu alipokea simu, kweli, lakini siku hizi anauza paneli za sola. Akanitakia kila la heri :-)

Basi nikaanza kusoma chuma chenyewe. Kwenye injini kumegongwa 157QMJ. Hii ni ile familia ya injini inayojulikana duniani kote kama GY6, muundo wenye asili ya Honda ya Japani, ambao Kymco ya Taiwan ilitengeneza, kisha viwanda vingi sana vya China vikaufuata. Iko kwenye skuta, kwenye kwadi, kwenye vigari vya kuchezea. Na ile namba si mapambo. 1 ni idadi ya silinda. 57 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, kwa kukadiria. Q inasema inapozwa kwa feni, M ni pikipiki, na J inaonyesha ukubwa, hapa cc 150. Ukijua hilo umejua nusu ya kazi. Hakuna aliyeniambia, na kijitabu cha helmeti hakikutaja.

Kwa kutojua nikapanda matatu hadi Nairobi, nikaenda Kirinyaga Road, kule ambako wazee bado wanaita Grogan, nikaomba vipuri vya "mia hamsini na saba". Kijana akanipa haraka, bila hata kuinua macho. Nilipofika Kinangop nikagundua gasketi haifanani hata kidogo. Kumbe kuna 157FMI pia, injini ya pikipiki za kawaida za cc 125, zinazopozwa na upepo wa njiani, zenye gia na klachi. Tarakimu tatu za mwanzo ni zilezile, injini ni nyingine kabisa. Ni kama kuomba maktaba ya programu kwa jina bila kutaja toleo, halafu ushangae kwa nini kila kitu kimevunjika. Kosa hilo ni langu, sikulitaja jina zima.

Lakini hili lililofuata silikubali kuwa langu peke yangu.

Fundi wa kituoni, kijana mzuri anayetengeneza boda boda zote za eneo lile, alisikia dalili zangu akasema ni CDI, kile kikasha kidogo cheusi kinachoamuru plagi itoe cheche. Inaeleweka, kwa sababu vitu vya umeme hupenda kufa vikipata joto. Nikanunua kingine. Soketi zikaingia bila shida, rangi ileile, ukubwa uleule. Nikapiga stata: hakuna cheche kabisa, hata injini ikiwa baridi. Sasa nilikuwa nimetoka kwenye mashine inayozima ikipata joto hadi mashine isiyowaka milele.

Kumbe kuna aina mbili za kikasha hicho. Moja hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili iliyo ndani ya magneto ya injini, yaani umeme wa AC ambao volti zake ni nyingi kuliko za betri. Nyingine hupata volti 12 za betri kupitia swichi ya ufunguo, yaani DC. Hazibadilishani. Ukiweka ile ya betri mahali pa ile ya magneto unaweza hata kuiunguza. Na waliotengeneza soketi waliona ni busara zifanane! Mtu akibuni programu namna hiyo, data ya aina mbili ipite kwenye mlango mmoja bila kukaguliwa, tungemcheka mpaka ahame mji. Hata mchoro wa nyaya haukuwepo wa kunionya.

Kama yako nayo iko hivyo, fanya hivi kabla ya kununua. Chomoa soketi, washa ufunguo bila kupiga stata, gusa waya unaoleta umeme kwa mita. Ukiona volti 12, ni ya DC. Ukiona sifuri, geuza mita isome AC na upige stata. Volti zikionekana injini inapozunguka, ni ya AC. Ni kazi ya dakika tano, na mimi nilijifunza baada ya siku nne na safari mbili za mjini.

Nikarudisha kikasha cha zamani. Ikawaka baridi, ikazima moto, kama kawaida. Yaani cha zamani hakikuwa na kosa lolote.

Hapa lazima nikiri jambo. Kazini ninawafokea vijana kila siku: badilisha kitu kimoja, pima, ndipo ubadilishe kingine. Kule zizini nilibadilisha plagi, nikafungua kabureta nikaisafisha, nikabadilisha bomba la petroli na chujio la hewa, vyote jioni moja, kwa tochi, huku mama akiuliza kama kesho maziwa yataenda. Ilipokataa sikuwa na njia ya kujua nimeharibu kipi. Mtu mwenye haraka hufanya hivyo hata kama anajua vizuri kuliko wote.

Nikaamua kumwaga oili ya zamani pia, maana nilikuwa tayari mchafu. Chini ya injini hizi kuna kofia kubwa ya kumwagia oili. Ifungue na utakutana na mshangao: springi na kichujio cha waya vinarukia ndani ya beseni lenye oili nyeusi ya moto. Vilikaa upande gani? Kipi kilitangulia? Nilichezea puzzle hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Na wakati wa kurudisha, usikaze kama unakaza nati ya gurudumu, maana bodi ni alumini na nyuzi zake huisha upesi.

Jibu lilikuwa valvu. Valvu inapochakaa na kuzama kwenye kiti chake, nafasi kati yake na kile kidole kinachoisukuma hupungua. Ikiwa baridi bado inafunga. Ikipata moto chuma kinarefuka, nafasi inaisha, valvu inabaki wazi kidogo sana, na mgandamizo wa silinda unavuja. Cheche ipo, petroli ipo, nguvu hakuna. Ikipoa inafunga tena na unaanza kudhani ni majini. Nafasi inayotakiwa ni karibu milimita 0.1, na unaipima kwa vile visahani vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huita fila geji. Kwenye valvu ya kutolea moshi, hata kisahani chembamba kabisa hakikupita.

Hata baada ya kujua nilikosea mara moja zaidi. Unazungusha injini mpaka alama ya T ije mahali pake, ndipo unapima. Shida ni kwamba T hutokea mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi, na moja tu ndiyo sahihi, ile ambayo valvu zote mbili zimefungwa. Mimi nilichukua ile nyingine. Nilipowasha ilipiga kelele kama kopo lililojaa kokoto, kuku wakatawanyika. Siri iko kwenye gurudumu la meno la juu, lile linaloendesha valvu: lina tundu moja kubwa na mawili madogo, na tundu kubwa likielekea nje, mbali na pistoni, basi uko mahali sahihi. Sentensi moja tu. Ingekaa vizuri kwenye kile kijitabu, chini ya picha ya helmeti.

Kila ninayemsimulia ananiambia, si ungempa fundi tu? Nilimpa. Alikuwa wa kwanza kusema ni CDI. Simlaumu, maana yeye ameifunza kazi yake kwa pikipiki mia tano za aina tatu, na kwa hizo ni bingwa, anasikia ugonjwa kabla hujazima injini. Akiletewa kitu kisicho cha kawaida anabahatisha kama mimi, tofauti ni kwamba anabahatisha kwa pesa yangu. Hana mwongozo pia. Kanda zilizo na boda boda maelfu hazihitaji karatasi, ujuzi unatembea kwa midomo. Kwadi ziko chache, kwa hiyo hakuna mdomo wa kuubeba ujuzi huo.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema tatizo ni ubovu wa mali ya China. Injini hii ni rahisi na ni nzuri, unaweza kuifungua yote kwa spana chache na bisibisi. Kilichokosekana ni kurasa kumi: mchoro wa nyaya, vipimo vya valvu, aina ya CDI, picha ya springi na kichujio. Gharama ya kuzichapa ni sawa na bure. Na sisi wanunuzi hatuziulizi. Tunauliza bei, tunauliza rangi, tunapiga teke tairi.

Ajabu ni kwamba Katiba yetu ya 2010 inalisema jambo hili waziwazi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Mimi si wakili, lakini mashine ya kubeba maziwa inayouzwa bila kipimo cha valvu, mtu ananufaika nayo kikamilifu vipi? Kule Marekani wakulima walipigania jambo linalofanana, na jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kufanya kazi Januari 2024, ya kuwalazimisha watengenezaji wa mashine za shambani kuwapa wakulima na mafundi wa nje vipuri, miongozo na programu za kutafutia hitilafu. Wao vita vyao ni vya trekta zilizofungwa kwa programu. Sisi hatujapewa hata karatasi.

Na hilo la programu linakuja kwetu pia. Kwadi mpya nyingi hazina kabureta, zina kompyuta ndogo inayopima petroli, na nyingi zina soketi ya uchunguzi ambayo si ile ya kawaida ya magari. Ukitaka kusoma kosa unahitaji kifaa cha mtengenezaji. Mimi ambaye kula yangu ni kompyuta, hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko valvu. Valvu nilikosea mara tatu na bado iliniruhusu nijaribu ya nne.

Wiki hii imebeba mitungi siku sita bila kuzima. Namba kamili ya injini, aina ya CDI, plagi na nafasi ya valvu nimeziandika kwa rangi nyeupe upande wa chini wa kiti, na picha ya springi nimemwachia fundi wa kituoni kwenye simu yake. Alicheka, kisha akaniuliza kama ninayo na ya nyaya. Nimeanza kuichora mwenyewe, waya mmoja mmoja, kwenye karatasi ya manila. Nimefika taa za mbele. Gurudumu la nyuma la kushoto nalo limeanza kulia, nafikiri ni beringi.