Gitaa la umeme: usidharau mbao za bei rahisi

Jamani, wikendi hii niliacha kibodi nikashika chuma cha kulehemu. Nimejenga gitaa la umeme: kiwiliwili cha bei ya kutupa, spea za maana. Rafiki yangu anacheka, eti nimefunga injini ya Mercedes kwenye mkokoteni. Sikubali!

Gitaa hili halitegemei ubao kama gitaa kavu. Uzi wa chuma unatikisika juu ya pikapu (si gari!), yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na umeme unazaliwa humo. Pesa ziende huko. Eddie Van Halen alijenga lake miaka ya 1970: kiwiliwili chenye kasoro cha dola 50, pikapu ya Gibson.

Ila vipimo havina msamaha. Shingo ya aina ya Fender hutaka uzi wa milimita 648 hivi hadi kwenye daraja. Kiwiliwili changu cha kwanza kilitobolewa kombo, na kila noti ya juu ikadanganya. Pikapu gani ingetibu hilo? Ni kama programu: moduli mbovu unaibadilisha, lakini msingi ukikosewa unaanza upya. Pima kwanza, ndipo ulipe.

Mnasemaje?