Mkono Mrefu wa Mama Yetu Zaynab



Wasomaji wetu wapenzi, juzi baada ya swala ya alasiri mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Malindi alitufuata barazani akiwa na shauri lililomkera. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, amejifunza kushona ngozi. Hushona mikoba ya kina mama, mishipi, viatu na vizibao. Na vipande vinavyosalia huvigeuza hereni, bangili na vidani vyenye shanga. Wateja anao. Lakini posa ilipoletwa, watu wa upande wa mume waliuliza iwapo ataiacha kazi hiyo, kwa kuwa ngozi ni uchafu na mwanamke wa heshima haigusi. Mzee akatuuliza, "Sheikh, nimwambie aache?"

Kwa kuwa swali hili ni la nyumba nyingi, tumeona tulijibu hapa.

Tuanze na usafi. Mnyama wa halali aliyechinjwa kisheria, ngozi yake ni tohara. Ama mnyama aliyekufa nyamafu, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba ngozi yake hutoharika inapotiwa dawa, jambo ambalo wanavyuoni huliita dibaghi. Aliyasema hayo alipomwona kondoo aliyekufa ametupwa, akawauliza watu kwa nini hawakufaidika na ngozi yake. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, hukumu hiyo haiingii mbwa wala nguruwe. Basi anayesema ngozi ni uchafu aitazame kwanza mikanda ya viuno vyetu na majalada ya misahafu ya wazee wetu.

Kuhusu heshima ya mwanamke, tumrudie Mama wa Waumini, Bibi Zaynab binti Jahsh (R.A.). Alikuwa mke wa Mtume na binti wa shangazi yake, nasaba haikumpungukia. Na wapokezi wametusimulia kwamba alikuwa mwanamke wa kazi za mikono: akitia ngozi dawa, akishona, kisha chumo lake akilitoa sadaka. Mtume aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wakipimana mikono. Alipofariki Bibi Zaynab mwaka wa 20 Hijria, wa mwanzo miongoni mwao, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Mkono uliosifiwa hivyo ni mkono ulioshika ngozi na sindano. Nani leo atasema kazi hiyo yavunja heshima?

Wala si kazi ngeni kwetu. Makubadhi tunayoyavaa siku ya Idi na harusini ni ngozi iliyokatwa, ikashonwa na kutiwa nakshi kwa mkono. Na katika karne ya 19 mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika kwa mafundi wa ngozi kama ulivyosifika kwa wanavyuoni na waandishi wa misahafu. Elimu na ufundi vilikaa mtaa mmoja, wala hakuna kilichokionea haya chenzake.

Hata hivyo kazi ina adabu zake. Fundi ajiepushe na ngozi za wanyama wakali kama chui, kwani tumekatazwa kuzivaa. Vazi la ngozi lisiwe la kubana mwili na kuondoa stara. Kidani kiwe pambo tu. Asikishone kama hirizi akamwambia mteja kwamba kitamkinga na jicho. Na asiuze ngozi ya bandia kwa bei na jina la ngozi ya kweli, kwani huo ni udanganyifu.

Sasa tujisemee sisi wenyewe. Mwezi wa Mfungo Tatu unapofika tunachinja udh-hiya, tunagawa nyama, kisha ngozi tunazifukia au tunaziacha zikioza jaani. Kuna na kosa kubwa zaidi: kwa miaka kadhaa mtaani kwetu mchinjaji amekuwa akizichukua kama sehemu ya ujira wake, nasi tukitazama na kunyamaza. Hali Sayyidna Ali (R.A.) amepokea kwamba Mtume alimkataza kumpa mchinjaji chochote cha mnyama huyo kuwa ujira. Tunamwomba Allah atusamehe. Mchinjaji alipwe fedha zake kamili. Mwenye kuchinja haruhusiwi kuiuza ngozi. Aitumie mwenyewe au aitoe sadaka. Fukara akiisha kuimiliki, ana hiari ya kuiuza.

Basi safari hii tuzikusanye na kuwapa wajane na mafukara, ili waziuze au wazitumie. Ngozi haitaki mengi: mchunaji asiitoboe kwa kisu, na ipakwe chumvi nyingi siku ile ile kabla haijaanza kunuka. Chumvi inavunwa hapa hapa jimboni kwetu, Gongoni. Viwanda vya kuitia dawa viko Thika na Athi River, na kutoka huko hurudi kwa mafundi kama binti huyu, ambaye leo hununua kwa bei ya juu kitu ambacho sisi tunakifukia.

Kwa mzee wetu, jawabu letu ni hili: usimwambie aache. Waambie wakwe wamuulize juu ya swala yake, tabia yake na uaminifu wake katika mizani na ahadi. Wakiridhika na hayo, basi na kazi yake waipokee kama sehemu ya heshima yake. Wasiporidhika, riziki ya ndoa iko kwa Mola, wala haifungwi kwa kumvunja binti mkono anaoutumia kwa halali.

Allah azibariki kazi za mikono ya binti zetu, na aifanye mirefu katika kutoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.