Kumrudisha kijana kwenye kipigo si suluhu

Katika jumuiya zetu za Louisville, Columbus na Buffalo kuna jambo linalonong'onwa majumbani lakini halifiki mkutanoni. Ni habari ya vijana waliokwisha kutimiza miaka 18, wenye usonji au hali nyingine inayowafanya waelewe mambo tofauti na wenzao, ambao wanapigwa, wanafungiwa ndani au wananyang'anywa fedha zao na watu wanaoishi nao.

Kijana wa namna hiyo akikimbia, utaratibu wetu unajulikana. Wazee wanakutana pamoja na mchungaji au imamu, baba analalamika, kijana anaambiwa aombe radhi, kisha anarudishwa nyumbani. Kwa ugomvi wa kawaida, vikao hivyo vimeokoa familia nyingi. Kwa kijana huyu ni hatari. Anaulizwa maswali na watu kumi kwa mpigo, hawezi kuwatazama machoni, anajibu kwa mkato au ananyamaza kabisa. Kimya chake kinahesabiwa kiburi.

Tunawaelewa wazazi. Wengi walipita Nyarugusu, Nakivale au Dadaab bila kukutana na daktari wa kuutambua usonji. Mtoto aliitwa mkaidi au mwenye pepo. Hapa Marekani wanafanya kazi za usiku na kulala saa chache. Lakini uchovu hauhalalishi kipigo. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakusema tumvunje.

Sheria nayo iko wazi. Kentucky, Ohio na New York, mtu wa miaka 18 ni mtu mzima. Ulemavu peke yake haumpi mzazi mamlaka juu yake mpaka mahakama imteue kuwa mlezi, na hata mlezi huyo haruhusiwi kumnyanyasa. Fedha za SSI ni za kijana. Anayempokelea akizila, kijana anaweza kuiomba ofisi ya Social Security imweke mtu mwingine.

Milango ya msaada haifanani. Kentucky, sheria inamtaka kila anayeshuku kwamba mtu mzima asiyeweza kujilinda ananyanyaswa atoe taarifa. New York, idara ya kuwalinda watu wazima inahudumia kuanzia miaka 18. Ohio, idara kama hiyo ni ya wenye miaka 60 na zaidi; kwa hiyo habari za kijana wa Columbus mwenye ulemavu wa ukuaji zipelekwe Franklin County Board of Developmental Disabilities. Asiyejua pa kuanzia apige 1-800-799-7233, simu ya kitaifa ya unyanyasaji wa majumbani, usiku na mchana, na aombe mkalimani. Hatari ikiwa imefika mlangoni ni 911, na aelezwe mpokea simu mapema kwamba kijana ana usonji, ili askari asidhani ukimya wake ni ukaidi.

Kuondoka kwenyewe kunataka matayarisho. Kijana mwenye usonji mara nyingi hushikiliwa na ratiba: basi lile lile, chakula kile kile, chumba chenye utulivu. Akihama, vyote hivyo vinaweza kuvunjika kwa siku moja, na wengi hurudi kwenye kipigo kwa sababu kipigo wanakijua. Awe na dawa zake, kadi ya kijani na kadi ya Social Security mahali salama. Aione mapema njia ya kwenda anakohamia. Awe na mtu mmoja anayemwamini wa kumsindikiza ofisini, na mkalimani asiwe ndugu yake.

Tunatoa wito kwa viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vyetu katika miji hii mitatu: kabla ya kuitisha kikao, muulizeni kijana peke yake, taratibu, hata kwa maandishi, kama yuko salama. Akisema hapana, msimrudishe. Kaeni na wazazi baadaye. Sisi tuliokimbia na kupokelewa na watu wasiotujua hatuwezi kukosa chumba kimoja kwa mtoto wetu wenyewe.