Mbio za Vilimani: Tusiisingizie Dini



Hivi karibuni mzazi mmoja hapa Katwe alimkataza mwanawe kushiriki mbio za vijana za kupanda kilima cha Kibuli. Aliniambia, "Ustadh, dini haina mchezo." Nami nasema: tusiisingizie dini kwa uvivu wetu.

Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, baadaye Mtume akamshinda. Salama bin Akwa'i (R.A.) naye alimwomba Mtume ruhusa, akashindana kwa miguu na mwenzake hadi Madina, akamshinda. Je, sisi tuna dini kuliko wao?

Kilicho haramu ni kamari. Lakini ni wangapi kati yetu huwaona vijana wetu kwenye vibanda vya kubeti, tukapita kimya?

Tarehe 26 Machi 2017, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika hapa Kampala, pale Kololo, Jacob Kiplimo wa Uganda alinyakua dhahabu ya vijana akiwa na miaka 16. Miguu ile haikujengwa mbele ya televisheni!

Masharti yapo: sala isipite, stara ilindwe, wasichana watengewe mbio zao, dau lisiwekwe. Yakitimia, ewe mzazi, mnunulie mwanao viatu, kisha mngoje kule juu, msikitini Kibuli, mswali pamoja.

Wabillahi tawfiq.