Ngiri kwa watoto njiti: Kusubiri upasuaji kunahitaji uangalizi hadi nyumbani

Kwa miaka mingi, mtoto njiti aliyegundulika kuwa na ngiri ya kinena akiwa bado wodini amekuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kufanyiwa upasuaji kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ya pili ni kuachwa akue kwanza, kisha arudishwe hospitalini baada ya miezi kadhaa. Uamuzi ulitegemea zaidi mazoea ya hospitali kuliko ushahidi. Utafiti uliochapishwa Machi 2024 katika jarida la kitabibu la JAMA nchini Marekani umeonesha kuwa kusubiri kunapunguza madhara makubwa. Kwa Tanzania, matokeo hayo yanaibua suala la uangalizi wa mtoto katika kipindi hicho cha kusubiri, anapokuwa nyumbani mbali na macho ya wauguzi.

Ngiri ya kinena hutokana na njia ndogo iliyopo kati ya tumbo na kinena cha mtoto akiwa tumboni mwa mama. Kwa mtoto wa kiume, korodani hushuka kupitia njia hiyo katika miezi ya mwisho ya ujauzito, kisha njia hujifunga. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huja duniani kabla kazi hiyo haijakamilika, hivyo sehemu ya utumbo huweza kuteremka na kuonekana kama uvimbe, hasa anapolia au kujikamua. Wavulana huathirika zaidi, ingawa wasichana nao hupata, na kwao kinachoteremka huweza kuwa ovari. Ngiri hii ni tofauti na ile ya kitovu, ambayo mara nyingi hupona yenyewe mtoto anapokua.

Upasuaji wenyewe ni wa kawaida kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Ugumu upo kwenye mwili wa mgonjwa. Sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji wa njiti bado haijakomaa, na dawa ya usingizi huidhoofisha zaidi. Saa chache baada ya upasuaji mtoto huweza kusimama kupumua kwa muda na mapigo ya moyo yakashuka. Wengine hushindwa kuondolewa kwenye mashine ya kupumulia kwa wakati uliotarajiwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995, uliounganisha taarifa za watoto 255 kutoka tafiti nane, ulionesha kuwa hatari hiyo hupungua kadiri umri unavyoongezeka na kwamba upungufu wa damu huiongeza. Ndiyo maana njiti anayefanyiwa upasuaji akiwa mdogo hulazwa na kufuatiliwa kwa karibu hata kama kidonda ni kidogo. Madhara mengine ni ngiri kurudi, kidonda kupata maambukizi, na korodani kusinyaa baada ya mishipa yake ya damu kuathirika.

Utafiti wa mwaka 2024 uliwahusisha watoto njiti 338 katika hospitali 39 za Marekani, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipangiwa upasuaji kabla ya kutoka wodi ya watoto wachanga. Kundi la pili lilisubiri hadi baada ya wiki 55, zikihesabiwa tangu hedhi ya mwisho ya mama. Kati ya watoto 308 ambao taarifa zao zilikamilika, waliopata angalau dhara moja kubwa walikuwa asilimia 28 katika kundi la mapema na asilimia 18 katika kundi lililosubiri. Nafuu ilikuwa dhahiri zaidi kwa waliozaliwa kabla ya wiki 28 za ujauzito na kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu utokanao na kuzaliwa mapema.

Kuhusu hofu ya wazazi wengi kwamba dawa ya usingizi hudumaza akili, upo ushahidi wa kutuliza. Utafiti mwingine wa kimataifa uliwafuatilia watoto 722 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri wakiwa wachanga katika nchi saba. Walipofikisha miaka mitano, kiwango cha akili cha waliopewa dawa ya usingizi kwa muda usiofika saa moja hakikutofautiana na cha waliopewa ganzi wakiwa macho.

Hata hivyo, kusubiri kuna hatari yake. Utumbo huweza kubanwa kwenye kinena, damu ikakosa kufika na sehemu hiyo ikaanza kufa. Hapo upasuaji huwa wa dharura, na madhara kwa utumbo na korodani huongezeka. Kwa mtoto anayeishi jirani na hospitali yenye daktari bingwa, hatari hiyo inadhibitika. Kwa anayeishi umbali wa siku nzima ya safari kutoka Muhimbili, Bugando au KCMC, hesabu hubadilika. Matokeo ya Marekani hayawezi kuchukuliwa kama kanuni moja kwa kila mtoto. Daktari atapima ukomavu wa mapafu ya mtoto pamoja na umbali wa nyumbani kwao.

Hapa ndipo sera za Serikali zinapogusana na kitanda cha njiti. Katika maadhimisho ya Sikukuu ya Wafanyakazi, Mei 1, 2024 mkoani Arusha, Serikali ilitangaza dhamira ya kuwaongezea likizo akina mama wanaojifungua watoto njiti, na marekebisho ya sheria za kazi yaliyofuata yameipa dhamira hiyo nguvu ya kisheria. Uzito wake unaonekana kwa hesabu rahisi. Mama aliyejifungua katika wiki ya 28 na kuanza likizo siku hiyo hiyo, siku 84 za kawaida humalizika wakati mtoto anafikisha wiki 40, yaani siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Wiki 55 zingali mbele kwa takribani miezi mitatu na nusu.

Likizo hiyo, hata hivyo, inamhusu mwajiriwa. Mama mkulima au mfanyabiashara ndogondogo anategemea zaidi kliniki na usafiri. Mfumo wa m-mama, unaopatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo, umerahisisha usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ngiri huweza kubana mtoto akiwa na miezi mitano, baada ya kipindi cha uchanga kupita. Kwa hiyo mpango wa rufaa wa mtoto huyu unapaswa kuandikwa kabla hajatoka wodini: tarehe ya kurudi, hospitali ya karibu inayoweza kumhudumia, na namba ya simu ya kupiga usiku.

Mzazi naye ana wajibu wake. Uvimbe laini unaorudi ndani mtoto anapotulia unaruhusu kusubiri tarehe ya kliniki. Uvimbe ulio mgumu, wenye maumivu au uliobadilika rangi, usiorudi ndani, au unaoambatana na kilio kisichotulia, tumbo kujaa na matapishi ya kijani, ni dharura inayohesabiwa kwa saa. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, asikandwe kwa dawa za kienyeji wala kufungwa kwa kitambaa.

Kila Novemba 17 dunia huadhimisha Siku ya Mtoto Njiti, na mwaka 2020 pekee takribani watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani. Jitihada nyingi zimeelekezwa kuwaokoa katika siku zao za mwanzo, na inastahili kuwa hivyo. Mafanikio hayo yanaleta jukumu jipya, kwa kuwa njiti wengi zaidi wanaopona wataondoka wodini wakiwa na ngiri inayosubiri tarehe ya upasuaji. Usalama wao katika miezi hiyo utategemea kadi ya kliniki iliyojazwa vizuri na mzazi aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa.